Mali Bila Daftari

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu umeandikwa kwenye kanga, umebandikwa katika kuta za maduka, na walimu wa biashara hupenda kuanza nao somo lao. Ukitajwa Tarime au Mugumu, mara nyingi hufuatwa na lawama: kwamba wafanyabiashara wadogo wa huku hawapendi kuandika, kwamba hesabu zao ziko kichwani na mifukoni, na kwamba ndiyo sababu maduka yao hufunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimyakimya. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, haijibu swali moja ambalo historia ya wilaya hizi mbili inatulazimisha kuliuliza. Daftari lilikuwa la nani, na lilikuwa likisomwa na nani?

Neno lenyewe limetoka mbali. Daftari limetufikia kutoka kwa Waarabu na Waajemi, na chanzo chake cha kale ni neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi ya mnyama, kwa kuwa watu wa zamani waliandika juu ya ngozi. Kwa wafugaji wa Tarime jambo hili si geni sana. Kwao pia mali na kumbukumbu ya mali vilikutana kwa mnyama mmoja, ng'ombe.

Kabla ya karatasi kufika, wazee wa huku walikuwa na hesabu nzito kuliko ya maduka mengi ya leo. Mkurya mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki ili ugonjwa au wavamizi wasije wakammaliza kwa siku moja. Aliyepewa ng'ombe kuwatunza alipata maziwa, lakini ndama walibaki kuwa mali ya mwenyewe. Kwa hiyo mzee huyo alipaswa kukumbuka ni nani anamtunzia ng'ombe yupi, amezaa mara ngapi, na ni dume yupi aliyekwenda kulipa mahari ya kijana yupi. Mahari nayo ilikuwa deni ambalo liliweza kulipwa kwa miaka mingi, hata likavuka kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Upande wa Serengeti, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme walikuwa na biashara ya nyama kavu na mikia ya nyumbu waliyoipeleka kwa Wasukuma, na biashara hiyo ya mwendo wa mguu ilishikwa na urafiki wa watu waliofahamiana. Aliyesahau deni lake alipoteza mwenyeji, na bila mwenyeji hakuna safari.

Tusidhani kwamba hesabu hizo zilikuwa ovyo kwa kuwa hazikuandikwa. Zilikuwa na ukaguzi wake. Deni lilitajwa mbele ya mashahidi, na vijana walikaa pembeni wakisikiliza ili kesho na keshokutwa wawe mashahidi wao. Halikuwa siri ya watu wawili. Ninaomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutalihitaji mwishoni.

Karatasi ya kwanza iliyoingia katika nyumba nyingi za huku haikuwa ya biashara. Ilikuwa stakabadhi ya kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba katika koloni lao mwishoni mwa miaka ya 1890, na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa na vituo Shirati, kando ya ziwa, na Ikoma, ambako walijenga boma. Baada yao Waingereza waliendelea na kodi. Hivyo mtu asiyejua kusoma alijifunza mapema kwamba kuna kijikaratasi ambacho akikipoteza atapata taabu, na kwamba huko bomani kuna kitabu chenye jina lake ambacho yeye hawezi kukifungua.

Karatasi ya pili ilikuwa ya dukani. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo bidhaa zilivuka ziwa kwa urahisi zaidi. Wafanyabiashara wa Kihindi, ambao kati yao maarufu kuliko wote alikuwa Allidina Visram aliyefariki mwaka 1916, walieneza maduka kuzunguka Ziwa Viktoria. Watu hao walikuwa mabingwa wa kuandika hesabu, na lugha yetu imebeba alama zao katika maneno kama hundi na laki. Lakini vitabu vyao viliandikwa kwa Kigujarati. Mkulima aliyekopa jembe aliona mstari ukichorwa kwa maandishi asiyoyajua, akaambiwa, "Deni lako ni hili." Serikali yenyewe haikuweza kuvisoma. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ya Tanganyika ilipotaka kutoza kodi ya faida na kuwalazimisha wafanyabiashara waandike hesabu kwa lugha ambazo maofisa wangezielewa, Kiswahili kikiwa mojawapo, maduka ya Wahindi nchini yalifungwa kwa wiki kadhaa kwa kupinga. Ugomvi wote ule ulihusu nani ataweza kusoma daftari. Mteja aliyeandikwa ndani yake hakuulizwa.

Mwafrika aliyetaka kuwa mwenye duka, na si mteja tu, alikutana na kizuizi kingine. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilisema kwamba asiye mwenyeji akimkopesha mwenyeji, deni hilo halingeweza kudaiwa mahakamani, isipokuwa limeandikwa na kukubaliwa na ofisa wa serikali. Nia iliyotajwa ilikuwa kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Matokeo yake yalikuwa kwamba mwenye duka la jumla hakuwa na sababu ya kisheria ya kumwamini mchuuzi wa Kiafrika, na alipomwamini, alimwamini kwa mdomo. Hapo ndipo mali kauli, yaani kuchukua bidhaa leo kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, ilipozidi kuwa njia ya mnyonge. Kauli ndiyo iliyokuwa mkataba. Kuandika kungemsaidia nini mtu ambaye maandishi yake hayakuwa na nguvu popote?

Baada ya Vita Kuu ya Pili askari wengi wa Kikurya walirudi makwao na fedha kidogo mkononi, na pamba na kahawa zikaleta fedha nyingine. Kilio cha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa kilikuwa mizani ya wanunuzi. Kutokana na kilio hicho vyama vya ushirika viliota kwa kasi, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Sasa karani alikuwa kijana wa kijijini, kitabu kilikuwa kwa Kiswahili, na mkulima alipewa stakabadhi yake. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini karani alikuwa mmoja na wakulima mamia, na wengi wao hawakujua kusoma. Mwaka 1966 Tume ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika nchini ilikuta watumishi wasio na ujuzi wa hesabu, uongozi dhaifu na wizi. Mizani ilikuwa imehama kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji. Daftari lilibaki palepale, upande wa pili wa meza.

Dawa ya kweli ilikuwa kumfundisha mkulima kusoma, na jambo hilo lilifanyika. Mwaka 1968 mikoa minne ya ziwa, Mara ikiwamo, iliingizwa katika mradi wa kisomo cha watu wazima uliosaidiwa na UNESCO, ambao watu walijifunza herufi kwa vitabu vya pamba, ng'ombe na uvuvi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa asilimia 67. Kufikia mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Mwezi Novemba 1974 Azimio la Musoma likaamuru elimu ya msingi kwa watoto wote. Bibi aliyeweza sasa kuisoma stakabadhi yake mwenyewe alikuwa amepata silaha ambayo mama yake hakuwa nayo.

Katika mwaka huohuo wa 1974 serikali ilitoa amri ambayo vijana wa leo huisikia kwa mshangao: ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imewekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ilijaribiwa kuhamishia hesabu za serikali katika mashine. Mpango ukashindwa na kutia hasara kubwa. Sababu hazikuwa ngeni. Mashine ilinunuliwa kabla ya watu na taratibu kuwa tayari. Hazina ya taifa ilijifunza kwa gharama kwamba hesabu zilizovurugika zikiingizwa katika kompyuta hutoka zimevurugika vilevile, ila kwa haraka zaidi.

Ikawa bahati mbaya kwamba watu walipokwisha kujua kuandika, nyakati zikaifanya kalamu kuwa hatari. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na katika Operesheni Maduka ikaamriwa maduka ya watu binafsi yaachie nafasi maduka ya vijiji. Mengi ya maduka hayo ya vijiji yalikosa mtu wa kutunza hesabu, yakafa yakiwa matupu. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa watu wa Sirari, wenye ndugu na soko umbali wa kutembea kwa miguu, biashara ya jana ikawa magendo ya leo. Sabuni, mafuta ya kula na ng'ombe viliendelea kuvuka usiku, na biashara ya usiku haina daftari. Mwaka 1983 ilipokuja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, wako watu nchini waliotupa bidhaa zao porini kuliko kukutwa nazo. Katika hali hiyo, mwenye kuandika alikuwa anajitayarishia ushahidi wa kumfunga. Kizazi kizima kilijifunza kwamba mfanyabiashara mwerevu ni yule asiyeacha alama, na somo hilo wamerithishwa watoto.

Ndiyo maana siwashangai sana wale wanaomkimbia mtu wa kodi. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi mwaka 1996. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka njia mbili kwa mfanyabiashara mdogo: asiyetunza kumbukumbu hutozwa kiasi kilichopangwa kufuatana na kadirio la mauzo yake, na anayetunza hutozwa kwa mauzo aliyoyaandika. Mwaka 2010 zikaanza mashine za kielektroniki za kutolea risiti. Zilipoanza kuwafikia wafanyabiashara wa ngazi ya chini tangu mwaka 2013, maduka yalifungwa kwa kupinga katika miji kadhaa, kama yalivyofungwa mwaka 1923. Watu walikuwa wengine, na hofu ilikuwa ileile.

Hata hivyo, sheria hiyo ya njia mbili ina funzo ambalo wengi hawalioni. Kwa mara ya kwanza daftari la mnyonge limepewa neno mbele ya dola. Aliyeuza kidogo mwaka wa ukame anaweza kuonyesha kwamba aliuza kidogo. Asiye na maandishi atalipa kwa kadirio la mtu mwingine. Hali ni hiyohiyo mnadani. Katika nchi yenye historia ndefu ya wizi wa ng'ombe, mtu akikutwa njiani na ng'ombe watano bila stakabadhi ya mnada na kibali cha kusafirisha, anajitetea kwa maneno matupu. Mwenye karatasi anaionyesha na kuendelea na safari yake. Sijaona mfugaji anayesema kwamba karatasi hiyo ni mzigo.

Sasa tumefikia programu za hesabu, ambazo vijana wanaotoka vyuoni huzisifu. Miongoni mwa zinazotumika nchini ni Tally, iliyozaliwa Bangalore, India, mwaka 1986, mfanyabiashara Shyam Sunder Goenka alipochoka na programu zisizomfaa akamwomba mwanawe Bharat atunge nyingine, na QuickBooks ya Marekani, iliyotoka mwaka 1992. Jina la ile ya kwanza lina hadithi. Tally lilikuwa jina la kijiti cha Kiingereza cha kuhesabia. Walikitia chale kwa kiasi cha deni, kisha wakakipasua katikati kwa urefu. Mdai alishika kipande kimoja na mdaiwa kingine. Siku ya kulipa vipande vilikutanishwa, na chale zilipaswa kulingana. Hazina ya Uingereza ilitumia vijiti hivyo kwa karne nyingi, na mwaka 1834 ilipovichoma vya zamani ili kuviondoa, moto ukaunguza Bunge lao. Kwa hiyo wale waliotudharau kwa kuhesabu bila karatasi walikuwa nao wameacha kijiti juzi tu.

Kijiti hicho kinaeleza kiini cha uhasibu kuliko vitabu vingi. Kila jambo la fedha lina pande mbili, na pande hizo lazima zilingane. Luca Pacioli, mtawa wa Italia, alichapisha kanuni hiyo Venice mwaka 1494, na programu zote za leo zinaitumikia. Sukari ikitoka rafuni, lazima kuwe na fedha iliyoingia, au deni lililoandikwa, au mtu aliyeichukua bure.

Huyo aliyeichukua bure ndiye anayeua maduka yetu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye duka anauza kwa siku bidhaa za shilingi 50,000 ambazo alizinunua kwa 44,000. Faida yake ni 6,000, na anaijua vizuri kichwani. Siku hiyohiyo nyumbani wamechukua unga na sukari vya shilingi 4,500, mtoto amepewa 1,000 ya shule, na jirani amefiwa, rambirambi ni 2,000. Jumla ni 7,500. Hakuna ulevi wala ubadhirifu hapo. Ni maisha ya mtu muungwana. Lakini duka limepungua kwa shilingi 1,500, na kwa siku 300 litakuwa limeliwa shilingi 450,000. Mwenyewe atasema limerogwa, au wateja wamehama. Daftari la kurasa mbili lingemwonyesha mchawi katika wiki ya kwanza.

Jambo hilo programu haiwezi kulifanya kwa niaba yake. Itajumlisha bila kukosea, na itachapisha ripoti nzuri, lakini unga usioandikwa haitauona. Kwa muuza vifaa wa Nyamongo anayetaka kuuza kwa mgodi wa North Mara, uliofunguliwa mwaka 2002, programu ni ya lazima, au karibu hivyo, maana mnunuzi wa aina hiyo anadai ankara, namba ya mlipa kodi na risiti ya mashine. Kwa mama mwenye genge la nyanya, simu yake imekwisha kuwa nusu ya daftari tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, kwa kuwa ujumbe wa malipo una tarehe, jina na kiasi. Kinachobaki ni nusu ya pili, na hiyo inataka kalamu na nidhamu tu.

Kuna mtu mmoja ambaye kwake jambo hili halina mzaha, naye ni mjane. Agizo la mwaka 1963 la sheria za kimila liliandika kwamba mke hana fungu katika urithi wa mumewe aliyeacha watoto au ndugu wa ukoo. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali yake mwenyewe. Kati ya sheria hizo mbili kuna duka ambalo mume na mke wamelijenga pamoja. Mume akifariki leo, kesho kikao cha ukoo kitauliza duka ni la nani, wateja wenye madeni watanyamaza, na wenye mali kauli watakuja kudai, wengine mara mbili. Ikiwa hesabu zilikuwa kichwani mwa marehemu, zimezikwa naye. Ikiwa kuna daftari, au faili katika kompyuta, linaloonyesha kwamba mke alitia mtaji fulani tarehe fulani, halimhakikishii ushindi, ila linamwondoa katika hali ya kuomba huruma. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wahenga; na matanga ya deni lisiloandikwa mara nyingi hukalishwa mwanamke.

Nimalizie kwa kurudi kwa wale mashahidi wa zamani. Katika vijiji vya Serengeti vimeenea vikundi vya kuweka na kukopa vya namna ya VICOBA, na vile viitwavyo COCOBA ambavyo vimeungwa mkono na wahifadhi. Mfano wake wa mbali ni vikundi vya wanawake wa Niger vilivyoanza mwaka 1991, ambavyo wengi wa wanachama wake hawakujua kusoma, wakakariri hesabu zote kwa pamoja mkutanoni. Utaratibu wa huku ni kama ule: sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na kila hisa na kila mkopo husomwa kwa sauti mbele ya wote. Mtu aliyekulia katika vikao vya mahari anauelewa mara moja. Kinachoandikwa ni kile kilichotajwa mbele ya mashahidi, na anayeandikwa yupo anasikiliza.

Kwa maoni yangu hapo ndipo wanaotaka kuwafundisha wafanyabiashara wa Tarime na Serengeti wangeanzia. Wasianze na kompyuta, wala na kodi. Waanze na daftari la kurasa tatu: fedha iliyoingia na kutoka, madeni, na kilichochukuliwa kwenda nyumbani. Lisomwe kila Jumapili jioni mbele ya mke au mume na watoto wakubwa. Likishazoeleka hivyo kwa mwaka mmoja, kulihamishia katika programu ni kazi ya siku chache, na atakayekuja kuliomba, awe mtu wa benki, wa mgodi au wa kodi, atalikuta limekwisha kusomwa na wenyewe.